Kina cha Mrehani

Aliyepata kuketi karibu na bibi harusi wa Mombasa au Lamu, akaisikia harufu ya kikuba, yaani kile kifungo kidogo cha asumini na majani ya mrehani kinachopachikwa kifuani, hahitaji kuelezwa kwa nini watunzi wa nyimbo za mapenzi huutamani mmea huo. Lakini harufu haina mizani, na mtunzi atakaye kuuingiza mrehani katika ubeti wake hana budi kwanza kulikabili jina lake.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, aliweka wazi kwamba vina na mizani ndivyo nguzo za shairi. Kina ni silabi ya mwisho. Basi mrehani wadai "ni", silabi iliyoenea kila pembe ya lugha yetu, kwani twaisikia nyumbani, moyoni na baharini, na tukiwaamuru watu wengi twasema njooni, semeni, ondokeni. Wepesi huo, kwa maoni yangu, ndio uliowaharibu watunzi wengi, maana mtu huweza kujaza beti kumi kwa viambishi vitupu, na asiwe amelitafuta neno hata moja.

Sikio lataka zaidi. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo msikilizaji huipokea "ha" kabla ya "ni". Mrehani na moyoni huafikiana kwa kanuni, ila mrehani na mtihani, au sahani, au burhani, huitikiana kama ndugu wa tumbo moja. Nimejaribu hivi, mizani minane kila kipande:

Nalivuna mrehani, nikaufunga kikuba,
Nikatiwa mtihani, wa penzi lenye msiba.

Hiyo "m" ya mwanzo huhesabiwa mizani peke yake, hata mrehani ukawa na mizani minne. Mizani ikizidi, mtunzi husema rehani, akabaki na mitatu. Na hapo hufunguka mlango ambao sijui mwingine ulio mzuri kuliko huo, kwa sababu rehani ni jani na rehani ni amana iwekwayo kwa mkopeshaji. Kwa Waarabu hayo ni maneno mawili, yenye "ha" mbili mbalimbali, ila ulimi wa Mswahili umezichanganya zikawa sauti moja. Kwa hiyo mwimbaji asemaye kwamba moyo wake umo katika rehani huacha wasikilizaji wakijiuliza kama umetiwa manukato au umefungiwa kwa deni, na mahaba, kwa hakika, ni yote mawili.

Kati ya mimea mingine ya harufu, nanaa ni tabu kidogo, kwa kuwa huishia na irabu isiyo na konsonanti, lakini balaa, hadaa na kukataa huipokea vyema. Kivumbasi, nduguye mrehani wa porini, ambacho watu hukichoma jioni kufukuza mbu, wengi hukipa vina vya nafasi na wasiwasi. Mimi ningekipa mbasi, neno la kale la washairi lenye maana ya rafiki, ambalo vijana wengi wa leo hawajapata kulisikia likiimbwa.