MBWA MKALI: JILINDE KABLA NA BAADA YA KUNG'ATWA

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita mbwa ni wengi. Ukienda Kishapu utamkuta mbwa akifuatana na wachunga ng'ombe. Ukienda Nyarugusu au Rwamgasa utamkuta akilinda mashimo ya wachimbaji wadogo na mawe yao ya dhahabu. Usiku fisi akisogea zizini, mbwa ndiye wa kwanza kubweka.

Mbwa ni mlinzi wetu. Lakini mlinzi huyu ana meno, na meno hayo hayachagui mwizi na mpita njia. Mama anayekwenda kisimani, mtoto anayekwenda shule alfajiri, mchimbaji anayerudi kambini usiku, wote wanaweza kukutana na mbwa mkali. Je, ukikutana naye utafanya nini?

HATARI USIYOIONA

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya mbwa ni meno tu. Damu ikikauka na kidonda kikifunga, husema, "Nimepona." Kosa hili linaua watu.

Hatari kubwa zaidi imo katika mate. Mbwa mgonjwa akikung'ata, mate yake yanaweza kukuingizia ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka. Wengi wao ni watu wa Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa hiyo kujilinda hakuishi pale mbwa anapoondoka. Kuna kinga tatu: kwanza, using'atwe, pili, uking'atwa utibiwe upesi, tatu, mbwa wa kijiji wachanjwe. Tuzitazame moja moja.

KWA NINI MBWA HUSHAMBULIA

Mbwa hushambulia kwa sababu. Anaweza kuwa analinda mji wa bwana wake, chakula chake au watoto wake. Anaweza kuwa na woga au maumivu. Tena mbwa hupenda kufukuza kitu kinachokimbia. Ndiyo sababu huwafukuza waendesha baiskeli.

Basi, usimsogelee mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au anayenyonyesha. Ukifika kwenye mji wa watu, usiingie kimyakimya. Simama nje, piga hodi, ungoje mwenyeji atoke amshike mbwa wake.

UKIKUTANA NA MBWA MKALI

1. Usikimbie. Mbwa ana miguu minne, wewe una miwili. Ukikimbia, unamwita akufukuze.

2. Simama wima na kutulia. Shusha mikono yako. Usipige mayowe wala kurusha mateke.

3. Usimkazie macho. Mbwa akikaziwa macho huona kuwa anachokozwa. Tazama pembeni kidogo, lakini usimpe mgongo.

4. Rudi nyuma polepole, hatua kwa hatua. Kama mwenye mbwa yuko karibu, mwite.

5. Weka kitu kati yako na mbwa. Fimbo, jembe, ndoo, kikapu, hata kanga, vyote vinafaa. Kama umepanda baiskeli, shuka. Baiskeli iwe upande wa mbwa, nawe utembee upande wa pili.

6. Mbwa akiruka kutaka kukung'ata, mpe kile kitu ulichoshika aking'ate. Mfuko ukichanika utashonwa.

7. Ukianguka, jikunje. Lala kifudifudi, vuta magoti tumboni, funika shingo na masikio kwa mikono. Tulia mpaka mbwa aondoke.

Wengi wetu tukimwona mbwa mkali huinama kama tunaookota jiwe. Mbwa wengi wa vijijini wanaielewa ishara hiyo, nao hurudi nyuma. Lakini usianze kwa kumpiga. Mbwa mwenye woga akipigwa anaweza kuzidi kuwa mkali. Jiwe na fimbo ni vya kutumia pale tu anapokushambulia.

Wazazi na walimu, wafundisheni watoto maneno haya mawili: mti na jiwe. Mbwa akija, simama kama mti. Ukiangushwa, tulia kama jiwe. Wafanye mazoezi uwanjani, kama mchezo, mpaka wayazoee.

DALILI ZA KICHAA CHA MBWA

Mbwa mwenye kichaa hubadilika. Mbwa mpole huwa mkali bila kuchokozwa. Huuma watu, mifugo, hata miti na mawe. Sauti yake hubadilika. Mate humtoka kwa wingi, taya hulegea, naye hutembea akiyumba. Mwingine huzurura mbali na kwao. Mwingine hujificha gizani, hataki kula, kisha miguu hupooza.

Mbwa huyu haogopi jiwe wala fimbo. Usipambane naye. Ingia ndani na ufunge mlango. Kisha mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji na bwana mifugo, yaani ofisa mifugo wa kata. Wanyama wa porini kama bweha na fisi nao wanaweza kuwa na kichaa. Mnyama wa porini ambaye hamwogopi mtu mchana si wa kuchezewa.

UKING'ATWA, FANYA HIVI

Kwanza, osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni. Osha kwa dakika 15. Maji yawe yanamiminika, si ya kuchovya tu katika beseni. Sabuni ya kufulia inafaa. Kazi hii ni ndogo, lakini inaondoa na kuua vijidudu vingi kabla havijaingia ndani ya mwili.

Pili, usitie pilipili, majivu, udongo, mafuta au maji ya betri. Vitu hivi huchoma na kuchafua kidonda. Haviui ugonjwa.

Tatu, nenda kwenye zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa haipatikani katika kila zahanati. Kwa hiyo uliza mapema ni hospitali ipi ya wilaya au mkoa inayo, ukaende huko bila kukawia. Ukichelewa siku moja au mbili kwa sababu ya nauli, usikate tamaa, nenda. Ni bora kuchelewa kuliko kutokwenda.

Nne, maliza sindano zote. Chanjo hii hutolewa zaidi ya mara moja, kwa siku utakazopangiwa. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimekauka. Mweleze pia mganga kama hujachanjwa pepopunda.

Hata mkwaruzo mdogo uliotoka damu, au mate ya mbwa yaliyoingia katika jeraha au jichoni, ni jambo la kupelekwa kwa mganga.

KWA NINI USINGOJE

Tuseme kijana mchungaji amerudi jioni na alama ya meno mguuni. Baba anatazama, anasema, "Kidonda kidogo hiki. Hospitali ni mbali, na fedha ya kuuza debe la mahindi ni kwa ajili ya ada." Baada ya wiki moja kidonda kimepona. Kila mtu amesahau.

Lakini vijidudu havijasahau. Vinasafiri polepole katika mishipa ya fahamu, vikielekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa wiki moja, yaweza kufika mwaka. Kisha kijana anapata homa. Pale alipong'atwa panawasha. Akiletewa maji ya kunywa, koo linabana, naye anayaogopa. Dalili hizi zikitokea, karibu hakuna anayepona. Baba atauza ng'ombe, si debe la mahindi, na hakuna dawa atakayoipata.

Wengine hapo husema kuwa mgonjwa amerogwa. Siyo uchawi. Ni lile jino la mbwa la miezi iliyopita.

Chanjo hushinda kama ikianza mapema, kwa sababu huuandaa mwili kabla vijidudu havijafika kwenye ubongo. Jambo hili limejulikana tangu zamani. Tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mara nyingi. Mtoto yule hakupata ugonjwa. Alikua, akawa mtu mzima. Chanjo za siku hizi ni bora na salama kuliko ile.

MBWA ALIYENG'ATA AFANYWE NINI

Kama ana mwenyewe na anaonekana mzima, asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa bwana mifugo. Akibaki mzima baada ya siku hizo, hakuwa na ugonjwa katika mate siku aliyong'ata. Lakini usingoje siku hizo 10 ziishe ndipo uende hospitali. Akifa au akiuawa, usimguse kwa mikono mitupu. Mwite bwana mifugo, maana kichwa chake kinaweza kupimwa. Ng'ombe au mbuzi aking'atwa, toa taarifa pia. Mnyama mwenye dalili za kichaa asichinjwe wala asikamuliwe.

KINGA KUBWA: CHANJA MBWA WAKO

Kumchanja mbwa mmoja ni rahisi kuliko kumtibu mtu mmoja aliyeng'atwa. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Jirani zetu wa Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, wametuonyesha. Kuanzia mwaka 1996 mbwa wa vijiji vya wilaya hiyo walichanjwa kwa wingi. Watafiti walifuatilia kazi hiyo hadi mwaka 2001. Baada ya kampeni ya kwanza, kichaa cha mbwa miongoni mwa mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili kilipungua kwa asilimia 97. Watu waliong'atwa nao walipungua.

Kisiwani Pemba ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ulirudi, ukaja kuondolewa tena mwaka 2018. Funzo ni kwamba chanjo si ya mwaka mmoja. Watoto wa mbwa huzaliwa, na mbwa wageni huingia.

Basi, siku ya chanjo ikitangazwa, mpeleke mbwa wako na watoto wake. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kama chanjo haijaja kijijini kwenu, ulizeni katika mkutano wa kijiji. Mchana mbwa wako mfungie uani, na umlishe. Mbwa mwenye njaa huzurura. Nanyi wachimbaji wadogo, dhahabu ikiisha na kambi ikihama, msiwaache mbwa. Mbwa aliyeachwa hana wa kumlisha wala wa kumchanja.

YAKUMBUKE HAYA

Ukimwona mbwa mkali, usikimbie.
Uking'atwa, osha kwa sabuni na maji kwa dakika 15.
Nenda hospitali leo, si kesho.
Mbwa wako achanjwe kila mwaka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kutoka kijijini kwenu, ni hospitali gani ya karibu yenye chanjo ya kichaa cha mbwa? Nani atakwenda kuuliza?

2. Kijijini kwenu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu?

3. Mtu aking'atwa na hana nauli, kijiji kinaweza kumsaidiaje siku hiyo hiyo?