Sauti Kabla ya Herufi: Vyombo Sahili katika Kufundisha Kiingereza Matuga

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chombo sahili chaweza kufundisha lugha ya kigeni vizuri, mradi kitumiwe kwa kuzingatia lugha ambayo mwanafunzi anayo tayari. Mfano unatoka Matuga, katika Kaunti ya Kwale, ambako Kidigo ndicho lugha ya nyumbani kwa walio wengi, na Kiswahili ndicho lugha ya soko na baraza. Sera ya elimu hukihesabu Kiingereza kuwa lugha ya pili. Lakini kwa mtoto wa Mkongani au Tsimba, asiyekisikia ila darasani, Kiingereza ni lugha ya kigeni hasa. Tofauti hii si ya majina matupu, kwani huamua mwalimu aanzie wapi.

2. Funzo la redio

Baina ya 1980 na 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilishirikiana na wataalamu wa Marekani kujaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule za mashambani. Kipindi kilichukua nusu saa kila siku ya masomo. Kilichokipambanua na matangazo ya kawaida ni kimya: sauti iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha jibu sahihi likatolewa. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kutumiwa kufundishia hesabu huko Nicaragua katika miaka ya 1970.

Hata hivyo, redio ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: haikuweza kulisikia kosa. Mtoto aliyekosea na aliyepatia walisahihishwa kwa maneno yale yale. Pengo hili ndilo linaloweza kuzibwa leo kwa ujumbe wa sauti unaotumwa kwa simu kupitia intaneti. Mwanafunzi husikiliza, hujirekodi, na mwalimu aliye mbali humrudishia kosa lake mwenyewe. Ujumbe kama huo hutumia data chache sana kuliko picha za video, nalo ni jambo zito kwa nyumba yenye simu moja na bando la kupimwa.

3. Yanayomkabili mwanafunzi

Kwanza, Kidigo na Kiswahili vina irabu tano tu, hali Kiingereza kina zaidi ya hizo. Maneno ‘ship’ na ‘sheep’ humfikia mwanafunzi kama neno moja. Pili, silabi za lugha hizi mbili kwa kawaida huishia kwa irabu. Ndiyo maana ‘book’ likawa buku na ‘glass’ likawa gilasi. Kanuni iliyoyakaribisha maneno hayo katika Kiswahili ndiyo hiyo hiyo inayomkosesha mwanafunzi anaposema Kiingereza. Tatu, mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali wa Kiingereza huhama, kama katika ‘photograph’ na ‘photographer’.

Aidha, herufi zenyewe zaweza kupotosha. Katika maandishi ya Kidigo, ‘ph’ ya neno phahi, yaani ‘basi’, ni sauti ya midomo miwili. Katika neno la Kiingereza ‘phone’, herufi hizo hizo husomwa ‘f’. Anayekutana na maandishi kwanza hujifunza kosa kwa bidii. Kwa hiyo yafaa sikio litangulie, na jicho lifuate.

4. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaelekeza kwenye utaratibu mwepesi: ujumbe mfupi wenye jozi moja ya sauti, kimya cha kutosha kujibu, jibu la mwanafunzi lililorekodiwa, sahihisho la kosa moja tu kwa wakati, na maandishi mwisho. Utaratibu huu haukidhi kila haja. Sauti peke yake haionyeshi ulimi unapokaa, wala haimfai asiye na simu. Shule zilipofungwa nchini Kenya mwezi Machi 2020, na masomo yakahamia redio, televisheni na intaneti, ilidhihirika kuwa mwenye chombo na asiye nacho hawakuwa darasa moja.

Kwa hivyo redio isitupwe kwa sababu simu imekuja. Kila kimoja kina kazi yake. Lakini hapana chombo, kiwe cha thamani au cha rahisi, kitakachomfaa mtoto wa Matuga ikiwa anayekitumia hajui kwamba mtoto huyo amekuja darasani na Kidigo chake.