Miaka Kumi Jirani na Jeni

Mwaka 1983 timu ya James Gusella huko Boston ilitangaza kwamba jeni inayoleta ugonjwa wa Huntington iko kwenye kromosomu ya 4. Ugonjwa huu humjia mtu akiwa mzima, ukamrusharusha viungo asipotaka na kumvuruga akili, na kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi. Eneo limejulikana, ungedhani jeni yenyewe ingepatikana baada ya muda mfupi. Ilipatikana 1993. Sehemu kubwa ya kuchelewa huko ilitokana na pengo lililopo kati ya ramani mbili za jenomu (DNA yote ya kiumbe): ya kijenetiki na ya kifizikia.

Ramani ya kijenetiki ndiyo kongwe, na ilianzia kwa nzi wa matunda. Mwaka 1911, katika maabara ya Thomas Hunt Morgan, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwepo Alfred Sturtevant, mwanafunzi ambaye hata shahada ya kwanza hajamaliza. Ilikwishapendekezwa kwamba mayai na mbegu za uzazi zinapoundwa, kromosomu ya upande wa baba na ya upande wa mama hulala sambamba na kubadilishana vipande. Jeni zilizobanana huachana kwa nadra. Zilizo mbalimbali huachana mara nyingi. Basi, aliwaza Sturtevant, wingi wa kuachana unaweza kuwa kipimo cha umbali. Akabeba takwimu nyumbani, akaziacha kazi za darasani, akautumia usiku kupanga jeni za kromosomu X kwenye mstari mmoja. Mwili wa njano na macho meupe viliachana kwa takriban nzi 1 katika 100. Macho meupe na macho yenye wekundu mkali, karibu 30 katika 100. Ramani hiyo ilichapishwa 1913, wakati hakuna aliyejua jeni imeundwa kwa kitu gani! Kuachana kwa asilimia 1 baadaye kukaitwa sentimogani, kwa heshima ya Morgan.

Binadamu hawapandishwi kama nzi, watoto wao ni wachache, na tabia zinazoonekana kwa macho na kufuatilika vizuri ni haba. Mwaka 1980 David Botstein na wenzake walipendekeza alama zitafutwe ndani ya DNA yenyewe. Kuna vimeng'enya vinavyokata DNA kila vikutanapo na mfuatano fulani wa herufi. Kwa mtu ambaye herufi moja hapo imebadilika, kimeng'enya hupita bila kukata, na kipande kinatoka kirefu zaidi. Alama ya namna hiyo si lazima ifanye kazi yoyote mwilini. Inatosha itofautiane kati ya mtu na mtu, na irithiwe.

Kilichobaki kilikuwa ukoo mkubwa. Nancy Wexler, ambaye mama yake mwenyewe alikufa kwa Huntington, alikwenda na wenzake kwenye vijiji vya Ziwa Maracaibo, Venezuela, wakakusanya damu na nasaba za familia zenye ugonjwa huo. Alama iliyoitwa G8 ilikuwa na sura nne, A hadi D; katika ukoo ule, ugonjwa ulisafiri pamoja na sura C. Ilikuwa bahati kubwa, kwa sababu G8 ilikuwa miongoni mwa alama za mwanzo kabisa kujaribiwa.

Sasa jeni iko sentimogani chache kutoka G8. Je, ni urefu gani huo? Ni sawa na kuambiwa kijiji kiko saa mbili kwa basi: kilomita huzijui mpaka ujue kama njia ni ya lami au ya tope. Kwa binadamu sentimogani 1 ni wastani wa besi, yaani herufi za DNA, milioni 1 hivi, lakini wastani huo hauaminiki. Kwenye ncha nyingi za kromosomu vipande hubadilishana sana, karibu na sentromea, kiuno cha kromosomu, ni kwa nadra, na kwa jumla wanawake huwapita wanaume. Ramani zote mbili zinakubaliana alama ipi inatangulia ipi. Umbali ndio usiolingana.

Ramani ya kifizikia huhesabu besi zenyewe. DNA hukatwakatwa, vipande vikapandikizwa ndani ya bakteria au hamira vizaliane, kisha hupangwa kwa kutafuta vinapopandana: vipande viwili vyenye mfuatano mmoja mfupi usiopatikana kwingine popote kwenye jenomu vimetoka mahali pamoja. Ni kazi ya kuchosha, na kwa Huntington iliongezewa utata na familia zenyewe. Kuachana kwa alama katika baadhi ya familia kulionyesha jeni iko kwenye ncha kabisa ya kromosomu. Kwa nyingine, ndani zaidi. Ncha ilichunguzwa kwa miaka, na jeni haikuwamo. Ilikuwa ndani, na kosa lake ni herufi CAG zinazojirudia kupita kiasi: wagonjwa wengi wana marudio 40 au zaidi.

Mradi wa kusoma jenomu nzima ya binadamu ulipofungwa 2003, mfuatano ulibaki na mianya, ikiwemo ya kwenye sentromea. Huko ramani ya kijenetiki haina la kusema, maana vipande karibu havibadilishani. Na ile ya kifizikia ilikwama kwa kuwa vipande vinafanana mno, hujui kipi kinapandana na kipi. Karibu mianya yote hiyo ilizibwa kufikia 2022, kwa mashine zinazosoma makumi ya maelfu ya besi kwa mkupuo mmoja.