Je, Wajua? Anemoni Ndiye Mwenye Nyumba

Je, wajua kwamba samaki klauni wa kwenye tangi la kioo hamhitaji anemoni? Baharini, akikosa kujificha kati ya ile minyiri yenye sumu, ni mlo wa chewa. Sebuleni kwako hakuna chewa. Klauni waliozalishwa matangini, na biashara hiyo ipo tangu miaka ya 1970, huenda hawajawahi kumwona anemoni; ukiwaletea mmoja wanaweza kumpuuza kwa miezi na kuendelea kulala kwenye kona ya pampu. Anayeanza ufugaji huu humtamani samaki, kisha humnunua anemoni kama pambo lake. Hapo ndipo hesabu inapopinduka. Klauni ni mvumilivu na anaweza kufikisha miaka 20 tangini. Anayekufa mapema ni lile "pambo".

Anemoni ni mnyama, ndugu wa konyeza na matumbawe. Hana ubongo, hana moyo, na ana tundu moja tu: chakula kinaingilia hapo, na mabaki yanatokea hapo hapo. Dukani, tazama tundu hilo kwanza. Likiwa limefumba, endelea na mazungumzo ya bei. Likiwa limelegea na ya ndani yanachungulia nje, mwachie muuzaji.

Je, wajua sumu yake inafyatuka kwa kasi gani? Kwenye minyiri kuna seli nyingi mno, na ndani ya kila seli umekunjwa uzi wenye ncha, umebanwa kwa shinikizo kubwa. Mwaka 2006 wanasayansi wa Ujerumani walimpiga picha haidra, jamaa wa anemoni anayeishi maji baridi, wakakuta ncha ya uzi wa aina hiyo inatoka kwa nanosekunde 700. Hata sehemu moja ya milioni ya sekunde haijafika.

Klauni anaponaje, basi? Tafiti zinaelekeza kwenye ute wake. Una kiasi kidogo sana cha asidi ya siali, kemikali inayochochea seli za anemoni kufyatuka. Hata hivyo haingii kichwakichwa. Hugusisha mkia, akarudi nyuma. Akagusisha pezi, akarudi tena. Wengine humaliza kazi hiyo kwa dakika chache, wengine kwa saa kadhaa. Ukiiona tangini kwako, zima televisheni utazame.

Je, wajua kwamba zipo spishi zaidi ya 1,000 za anemoni, lakini zinazokaribisha klauni ni kama 10 tu? Kwa anayeanza, inayopendekezwa zaidi ni Entacmaea quadricolor, mwenye minyiri ambayo mara nyingi huvimba nchani kama matone. Anayepaswa kuogopwa na mgeni ni yule mpana anayejitandaza mchangani, wa jenasi ya Stichodactyla. Ni mzuri, ana njaa, na samaki mwingine akimgusa usiku huenda asubuhi usimwone tena.

Nemo wa filamu hayupo pwani yetu. Klauni wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe ni wa Asia ya Kusini-Mashariki na kaskazini mwa Australia. Kenya na Tanzania tuna wetu: Amphiprion allardi, mweusi kahawia mwenye pingili mbili nyeupe na mkia mweupe, na Amphiprion akallopisos, wa rangi ya chungwa iliyofifia, mwenye mstari mmoja mweupe unaofuata mgongo. Huyu wa pili ni mchaguzi: hukaa na aina mbili tu za anemoni. Bahari Nyekundu ina klauni wake, na Oman ina wake aliyepewa jina la nchi hiyo hiyo, Amphiprion omanensis. Ukipiga mbizi kwenye hifadhi za bahari za Kisite au Chumbe utawaona wetu bila kununua chochote. Kuwatoa humo ni marufuku.

Je, wajua habari za Granny? Mwaka 1828 Sir John Graham Dalyell, mwanasayansi wa Scotland, alimbandua anemoni mdogo mwekundu kwenye miamba ya North Berwick akamweka kwenye chombo cha kioo. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akarithiwa na mtaalamu mwingine, kisha mwingine, akazaa mamia ya watoto na kupokea wageni waliokuja Edinburgh kumtazama. Alikufa mwaka 1887, na gazeti la The Scotsman likamwandikia tanzia. Miaka 59 mikononi mwa watu, bila umeme, bila pampu, ila maji ya bahari yaliyobadilishwa kwa bidii! Ni kweli, alikuwa wa aina ngumu ya bahari baridi, asiyetegemea mwanga kama hawa wa kwetu. Lakini ukimtoa baharini anemoni wa matumbaweni akakufia tangini baada ya wiki tatu, kumbuka kwamba huenda umefupisha maisha yaliyokuwa na miongo mbele yake.

Na aliyeanza kufuga viumbe wa bahari jijini London kwa ufanisi alikuwa mwanamke, Anna Thynne. Mwaka 1846 alisafirisha matumbawe hai kutoka Torquay. Hewa ya maji ilitoka wapi? Mfanyakazi wake wa ndani aliyamimina maji mbele ya dirisha lililo wazi, kutoka chombo hadi chombo, kila siku. Jina la Thynne limo vitabuni. La yule mwenye mikono iliyochoka ni nadra kulikuta.

Leo kazi hiyo inafanywa na pampu, hadi umeme ukatike. Oksijeni hushuka, na tangi lenye samaki wengi linaweza kufa usiku mmoja. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni bei rahisi kuliko kilio. Klauni mwenyewe husaidia kidogo: usiku hucheza na kujisugua katikati ya minyiri, na majaribio yameonyesha kwamba mchezo huo unampitishia mwenyeji wake maji yenye hewa.

Je, wajua kwamba tangi jipya linalong'aa ni hatari kuliko lililozeeka? Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, na wa kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo kali sana. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga kwenye mawe na chujio. Samaki anaweza kuingia hapo, lakini anemoni asubiri, na wafugaji wazoefu husema asubiri miezi sita hadi mwaka. Najua hakuna anayependa kusikia hivyo akiwa na pesa mfukoni. Amonia na nitriti lazima zisome sifuri, joto likae nyuzi 24 hadi 27, na vipimo hivyo visipande na kushuka ovyo.

Hesabu ya chumvi sasa. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 200, basi, lina kilo 7 za chumvi. Maji yakipungua lita 10 kwa joto la chumba, chumvi haiondoki nayo: kilo 7 zile zile zimo kwenye lita 190, na kipimo kimefika karibu gramu 37. Mgeni akiona kina kimeshuka huongeza maji ya chumvi, na kosa linakua. Kinachotakiwa ni maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa vizuri. Maji ya bomba yenye klorini hayafai kama yalivyo. Kwa wakazi wa pwani wanaojiambia kwamba bahari ipo mlangoni: msichote karibu na mdomo wa mto, na wakati wa masika msichote kabla ya kupima.

Anemoni anayeishi na klauni ana wapangaji wengine ambao huwaoni. Ndani ya nyama yake wamo vijimwani vidogo mno vinavyotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia. Taa dhaifu humfanya afe njaa polepole, huku bado akionekana mzuri. Vijimwani hivyo hupata mbolea kutoka kwa klauni, maana kinyesi na amonia yake hubaki pale pale. Klauni naye humfukuza kitatange anayekuja kung'ata minyiri.

Anemoni mweupe pe si aina adimu. Amepoteza vijimwani vyake. Na yule wa manjano kali au waridi ya kuwaka, mwenye rangi moja sawia mpaka nchani, huenda ametumbukizwa kwenye rangi. Wafanyabiashara wasio na haya wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na wanunuzi wa mara ya kwanza ndio riziki yao. Baharini weupe huo huletwa na joto: mwaka 1998 El Niño ilipausha matumbawe kote magharibi mwa Bahari ya Hindi, pwani ya Kenya na Tanzania ikiwemo. Anemoni nao hupauka vivyo hivyo maji yakizidi joto.

Je, wajua kwamba anemoni anatembea? Ana mguu mmoja mpana chini, na asipopenda mwanga au mkondo wa maji ulipomweka, huhama. Anaweza kuvuka tangi zima usiku. Njiani kuna pampu. Anemoni aliyefyonzwa na pampu husagika, akamwaga sumu na uozo, na kufikia asubuhi ameondoka na samaki wote. Funika kila tundu la kufyonza kwa sifongo au wavu kabla hajaingia, na usimgandishe mahali kwa mawe. Huyu Entacmaea hupenda kuficha mguu kwenye ufa wa jiwe na kutoa minyiri nje; mpe ufa.

Dawa zenye shaba humtibu samaki mwenye vidoa vyeupe na kumuua anemoni. Samaki mgonjwa ahamishiwe chombo kingine.

Chakula: kipande cha kamba au samaki kisichozidi ukubwa wa mdomo wake, mara moja au mbili kwa wiki. Ukimpa kikubwa atakitapika. Baadhi ya klauni humlisha wenyewe, hubeba kipande na kukitupa katikati ya minyiri, kisha wengine huenda kukiiba.

Akinywea akawa kama soksi iliyoloa na kutoa ute wa kahawia, usiite msiba. Anabadilisha maji ya ndani na kutupa uchafu, na baada ya saa chache huvimba tena. Aliyekufa kweli hunyonyoka vipande ukimgusa, na harufu itakueleza mengine. Huyo mtoe saa hiyo hiyo, kisha ubadilishe maji mengi.

Je, wajua kwamba hakuna klauni anayezaliwa jike? Kwenye kila anemoni, klauni mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume lake, na waliobaki ni wadogo wasiozaa. Jike likifa, dume hugeuka jike, na mdogo aliye mkubwa zaidi hupanda kuwa dume. Kwa kanuni hiyo baba yake Nemo, katika ile filamu ya mwaka 2003, alipaswa kuwa mama kabla ya safari kuanza. Watengenezaji walifanya busara kuliacha hilo. Wewe nunua wawili wachanga wenye ukubwa tofauti, watapangana wenyewe. Majike mawili makubwa hupigana hadi moja life.

Wale wadogo wasiozaa hujizuia kukua ili wasifukuzwe na wakubwa. Na kuna zaidi: watafiti walifuatilia klauni 134 huko Kimbe Bay, Papua New Guinea, wakati wa joto kali la mwaka 2023, na 101 kati yao walipungua urefu angalau mara moja. Ni mwili wenyewe uliofupika; hawakukonda tu.

Klauni pia hupiga kelele, kwa kugonganisha meno ya taya. Wengine, katika majaribio ya Okinawa yaliyochapishwa mwaka 2024, walionekana kuhesabu pingili za mgeni: mwenye tatu kama wao alishambuliwa zaidi kuliko mwenye moja.

Je, wajua unavyoweza kupata anemoni wawili kwa bei ya mmoja? Entacmaea hujipasua katikati, mdomo na vyote, na kila nusu huponya jeraha na kuwa mnyama kamili. Hufanya hivyo akishiba vizuri, na hufanya hivyo pia akisumbuliwa, kwa hiyo pima maji kabla ya kushangilia. Wengi wanaouzwa na wafugaji leo ni vipande vya vipande vya mnyama mmoja, ambao hawakutoka mwambani. Ukimtafuta wa kwanza, mtafute huyo, tayari amezoea taa na tangi. Na jirani akikuomba nusu yako, asubiri wiki kadhaa mpaka mdomo ufunge. Wakati huo naye aanze kulikomaza tangi lake.