Ndoo ya Maji ya Kunywa Sumbawanga: Mkaa, Kidonge, Jua au Nano?

Kipimo chetu ni ndoo ya lita 20 kwa siku. Bei za mkaa na vidonge hapa ni za mfano. Weka za mtaani kwako upige hesabu upya.

Kuchemsha. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Usihofu: yakitokota dakika moja, vijidudu vimekufa. Kazi ni moto. Ndoo nzima hula takriban kilo moja ya mkaa, na uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi kuliko miti. Kilo ikiwa shilingi 800, mwaka ni 292,000.

Vidonge vya klorini. Kidonge cha WaterGuard hutibu ndoo moja kwa dakika 30. Kikiwa shilingi 100, mwaka ni 36,500. Maji ya tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, maana tope humaliza nguvu ya dawa. Baridi ya Juni na Julai nayo huichelewesha, subiri zaidi.

Jua. Chupa angavu za plastiki zilale juu ya bati saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Ni bure, ila ndoo moja inataka chupa kumi za lita mbili, na maji yawe maangavu.

Nano. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitunukiwa mwaka 2015 na Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio lake. Mchanga huzuia uchafu, kisha chembe za nano hunasa floraidi na metali nzito, kulingana na maji ya eneo. Bei iliyotajwa wakati huo ni dola 130. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni 325,000: dhidi ya mkaa hela inarudi kwa miezi 13 na ushee, dhidi ya vidonge, karibu miaka tisa, bila kuhesabu matengenezo.

Uamuzi. Hofu yako ikiwa kipindupindu, ambacho bonde la Ziwa Rukwa linakijua, nunua vidonge. Lakini kuchemsha wala klorini haviondoi floraidi au metali nzito. Waulize RUWASA, wakala wa maji vijijini, namna ya kupimisha kisima. Majibu yakionyesha kemikali, changeni mnunue chujio la pamoja, muuze maji kwa ndoo.