Mkono Mwekundu wa Ulster: Maana na Matumizi ya Bendera ya Jimbo katika Utamaduni wa Ireland

1. Utangulizi

Waswahili husema kwamba bendera hufuata upepo. Methali hiyo humlenga mtu asiye na msimamo, ambaye leo yuko huku na kesho yuko kule. Kaskazini mwa kisiwa cha Ireland mambo huonekana kinyume: bendera ni tamko la msimamo, na mara kadhaa watu wameifuata hadi kwenye fujo na umwagaji wa damu. Hata hivyo, alama iliyo muhimu kuliko zote katika bendera za eneo hilo, yaani mkono mwekundu, hubebwa na pande zote mbili za mgogoro. Makala haya yanaeleza asili ya alama hiyo, bendera mbili zinazoitumia, na sababu zinazofanya kitambaa kimoja kiwe ishara ya undugu mahali pamoja na ishara ya vitisho mahali pengine.

2. Majimbo manne na bendera zake

Tangu zamani kisiwa cha Ireland kimehesabiwa kuwa na majimbo makuu manne: Ulster upande wa kaskazini, Leinster upande wa mashariki, Munster upande wa kusini, na Connacht upande wa magharibi. Majimbo haya hayana serikali zake wala mabunge yake. Yanaishi katika historia, katika michezo na katika mapenzi ya watu kwa kwao. Kila jimbo lina nembo yake. Leinster ina kinubi cha dhahabu juu ya kijani. Munster ina mataji matatu ya dhahabu juu ya buluu. Connacht ina nusu ya tai pamoja na mkono ulioshika upanga.

Bendera ya Ulster ina msalaba mwekundu juu ya rangi ya dhahabu. Katikati ya msalaba pana ngao nyeupe, na ndani ya ngao pana mkono mwekundu wa kulia, uliofunguliwa, vidole vikielekea juu. Bendera hii ni ya kaunti zote tisa za jimbo: Antrim, Armagh, Cavan, Derry (iitwayo pia Londonderry), Donegal, Down, Fermanagh, Monaghan na Tyrone.

3. Asili ya alama

Sehemu mbili za bendera hiyo zina asili tofauti. Msalaba mwekundu juu ya dhahabu ulikuwa nembo ya ukoo wa de Burgh, makabaila wa asili ya Kinormani waliopata cheo cha utawala wa Ulster katika karne ya 13. Mkono ulikuwa alama ya ukoo wa Ó Néill, wafalme Wagaeli wa eneo hilo, nao unaonekana katika muhuri wa mfalme wa ukoo huo wa karne ya 14. Kwa lugha ya Kigaeli mkono huo huitwa Lámh Dhearg. Basi bendera yenyewe ni ndoa ya mgeni na mwenyeji: msalaba wa aliyekuja kwa upanga umebeba mkono wa aliyekutwa.

Hadithi ya mapokeo hueleza mkono huo kwa namna nyingine. Husimuliwa kwamba mashujaa walishindana kwa mashua, na ilikubaliwa kwamba atakayeigusa ardhi kwanza kwa mkono wake ndiye atakayeimiliki. Mmoja wao alipoona kwamba anaachwa nyuma, alijikata mkono akautupa ufukoni, akawa wa kwanza kugusa. Wasimulizi hawaafikiani juu ya jina lake, lakini fundisho la hadithi halibadiliki: nchi hii ilipatikana kwa damu, na aliyeipata alikubali kupoteza sehemu ya mwili wake.

Mwaka 1607 wakuu wa Kigaeli wa Ulster walikimbilia bara la Ulaya. Mfalme James I alitwaa ardhi yao, akaanza kuwagawia walowezi kutoka Uingereza na Scotland, wengi wao wakiwa Waprotestanti. Mwaka 1611 aliunda cheo kipya cha heshima, ambacho waliokipata walilipa fedha za kuwagharimia askari wa Ulster. Nao wakapewa mkono mwekundu uwe alama yao. Safari hii ulikuwa mkono wa kushoto. Hivyo alama ya wafalme walioshindwa iliingia katika nembo za washindi, na tangu hapo hakuna upande ulioweza kudai kwamba ni yake peke yake.

4. Kaunti tisa, kaunti sita

Sheria ya mwaka 1920 iliigawa Ireland, na mwaka 1921 Ireland ya Kaskazini ikaanzishwa ikiwa na kaunti sita tu za Ulster. Kaunti za Cavan, Donegal na Monaghan zilibaki upande wa kusini, katika nchi ambayo baadaye ilikuwa Jamhuri ya Ireland. Viongozi waliotaka kubaki chini ya taji la Uingereza walizipendelea kaunti sita kwa sababu humo walikuwa na wingi wa kura usio na shaka, ambapo katika kaunti tisa pande mbili zingekaribia kulingana.

Kutokana na mgawanyiko huo ilizaliwa bendera ya pili. Serikali ya Ireland ya Kaskazini ilipewa nembo mwaka 1924, na mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikatolewa bendera iliyofuata nembo hiyo. Kitambaa chake ni cheupe, na msalaba wake ni mwekundu kama ule wa bendera ya Uingereza yenyewe. Katikati pana nyota nyeupe yenye ncha sita, kwa hesabu ya kaunti sita; ndani yake pana mkono mwekundu, na juu yake pana taji. Ukizilinganisha bendera hizi mbili, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni hesabu ya kaunti na kuwapo kwa taji. Na katika mabadiliko hayo mawili umo mgogoro mzima.

Bendera hii ya pili ilipoteza hadhi ya kiserikali mwaka 1972, bunge la Belfast liliposimamishwa na utawala kuhamishiwa London. Lakini kitambaa hakikufa pamoja na bunge. Kimeendelea kutumika katika Michezo ya Jumuiya ya Madola na kwa timu ya soka ya Ireland ya Kaskazini. Huning'inizwa pia kwenye nguzo za taa za mitaa ya Waprotestanti, hasa karibu na tarehe 12 Julai, siku ya maandamano ya kukumbuka vita vya mto Boyne vya mwaka 1690.

5. Mahali, wakati na mwenye kupandisha

Kama neno, alama hupata maana kamili katika matumizi. Mkono mwekundu ni mfano bora wa jambo hili. Katika mgomo mkubwa wa Dublin wa mwaka 1913, wafanyakazi wa chama cha wachukuzi waliuvaa kifuani kama beji ya umoja wa wanyonge. Katika kaunti ya Tyrone, timu ya soka ya Kigaeli, mchezo unaopendwa hasa na Wakatoliki, huuvaa kwenye jezi. Nayo ilitwaa ubingwa wa Ireland nzima mwaka 2003, 2005, 2008 na 2021. Lakini kikundi cha Waprotestanti chenye silaha kilichoundwa mwaka 1972 kilijiita kwa jina la mkono huo huo, kikaua kwa jina hilo. Mtazamaji aliyeuona umechorwa ukutani alilazimika kwanza kujua yuko mtaa gani, ndipo ajue kama anakaribishwa au anafukuzwa.

Bendera ya dhahabu ya kaunti tisa imepata bahati njema zaidi. Katika raga, Ireland ina timu moja ya taifa inayochezwa na watu wa pande zote mbili za mpaka, na majimbo manne ndiyo msingi wa klabu zake kuu. Mashabiki wa Ulster, Wakatoliki kwa Waprotestanti, waweza kuipeperusha bila mmoja kumshuku mwenzake, kwa kuwa haina taji la kumchukiza huyu wala haimfungi yule katika rangi za Jamhuri.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mapema. Sheria ya mwaka 1954 ya Ireland ya Kaskazini iliilinda bendera ya Uingereza na kuwapa polisi uwezo wa kuondoa bendera nyingine iliyoonekana kuhatarisha amani. Mwaka 1964, polisi walipovunja ofisi katika mtaa wa Divis, Belfast, ili kuondoa bendera ya Jamhuri dirishani, ghasia zilidumu siku kadhaa. Miaka michache baadaye vilianza vita vya ndani vilivyoua zaidi ya watu 3,500.

Mkataba wa amani wa tarehe 10 Aprili 1998 ulitaja alama waziwazi, ukihimiza zitumiwe kwa kuheshimiana na si kwa kugawanya. Bunge jipya lilichagua nembo ya maua sita ya kitani, zao lililowalisha watu wa dini zote. Hata hivyo, Desemba 2012, baraza la jiji la Belfast lilipopunguza siku za kupandisha bendera ya Uingereza, maandamano na fujo vilifuata kwa miezi. Tume iliyoundwa mwaka 2016 kuchunguza suala la bendera ilitoa ripoti Desemba 2021 bila kufikia mwafaka juu ya maswali magumu zaidi.

6. Hitimisho

Historia ya mkono mwekundu yaonyesha kwamba ugomvi wa Ulster haukutokana na ukosefu wa alama ya pamoja. Alama hiyo ipo tangu karne ya 14, na kila upande umeipenda kiasi cha kuichora juu ya kifua chake na ukuta wake. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya mipaka ya nyumba ambayo alama hiyo ni ya kwake: kaunti sita au tisa, chini ya taji au bila taji. Kwa hiyo anayetaka kufahamu bendera ya jimbo hilo asiishie kutafsiri rangi na michoro. Na aulize nani ameipandisha, mbele ya nyumba ya nani, na siku gani. Waswahili husema pia kwamba mkono mmoja haulei mwana. Na jimbo hili, lenye mkono mmoja katika bendera zake mbili, lingali likilea amani yake kwa mikono ya pande zote mbili.