Mali bila daftari: amri za kompyuta zinazobeba soko la hisa la Johannesburg

Programu za zamani haziishi kwa nguvu ya mashine peke yake. Huishi kwa maandishi yanayoeleza amri zake. Historia ya soko kubwa kuliko yote ya hisa barani Afrika inaonyesha gharama ya maandishi hayo, na hasara ya kuyakosa.

Soko la Hisa la Johannesburg, JSE, lilianzishwa mwaka 1887 wakati wa mbio za dhahabu. Kwa zaidi ya miaka mia moja madalali walinunua na kuuza kwa kupaza sauti ukumbini. Mwezi Juni 1996 ukumbi huo ulinyamaza na kazi yote ikahamia kwenye kompyuta.

Tangu hapo soko hilo limebadilisha mtambo wake mkuu mara tatu. Mwaka 2002 lilianza kutumia mtambo wa Soko la Hisa la London. Mwaka 2007 likafuata London kuingia kwenye TradElect, uliojengwa kwa teknolojia ya Microsoft. Tarehe 2 Julai 2012 likahamia Millennium Exchange, mtambo wa kampuni ya Sri Lanka ambayo London ilikuwa imekwisha kuinunua, na safari hii mashine zenyewe zikaletwa Johannesburg.

Kila uhamisho uliwagusa madalali, mabenki na wauzaji wa takwimu. Programu zao zilikuwa zikizungumza na mtambo wa zamani kwa amri maalumu: weka oda, futa oda, nipe bei. Mtambo ukibadilika, amri nazo hubadilika. Ndiyo maana soko hutoa vitabu vya maelezo vinavyotaja kila ujumbe, kila nafasi ndani yake na kila jibu la kosa. Bila vitabu hivyo, dalali angebaki kubahatisha kwa fedha za wateja.

Hatari ya kutegemea mtambo mmoja ilionekana tarehe 8 Septemba 2008. Siku moja kabla, serikali ya Marekani ilikuwa imechukua mashirika mawili makubwa ya mikopo ya nyumba, na wawekezaji duniani kote walitaka kununua. Wateja wa London wakashindwa kuunganishwa na mtambo kwa takriban saa 7. Johannesburg, iliyokuwa ikitegemea mtambo huohuo, nayo ikasimamisha biashara.

Hesabu ya siku 49

Chini ya mitambo kama hiyo kuna mfumo endeshi wa kompyuta, kwa mfano Windows au Linux. Nao una maelfu ya amri ambazo programu huzitumia kuomba huduma: fungua faili, chora dirisha, niambie saa.

Mfano mzuri ni amri ya Windows iitwayo GetTickCount. Hujibu ni elfu ngapi za sekunde zimepita tangu kompyuta iwashwe. Nafasi ya jibu ni biti 32 tu, kwa hiyo baada ya siku 49.7 hesabu hujaa na kuanza tena sifuri. Maelezo rasmi ya Microsoft yanalitaja jambo hili waziwazi. Kuanzia Windows Vista ililetwa amri mpya, GetTickCount64, ambayo hesabu yake haitajaa kwa zaidi ya miaka milioni 500. Ile ya zamani haikufutwa, kwa sababu programu nyingi bado zinaiita.

Asiyezingatia onyo hilo huweza kulipa gharama kubwa. Tarehe 14 Septemba 2004, kituo cha kuongoza ndege cha Palmdale, karibu na Los Angeles, kilipoteza mawasiliano ya redio na marubani kwa saa kadhaa. Mtambo wake ulikuwa na hesabu ya aina hiyo na ulipaswa kuwashwa upya kila baada ya siku 30. Haukuwashwa. Ndege kadhaa zilikaribiana kupita kiasi kinachoruhusiwa, ingawa hakuna zilizogongana.

Faini kwa sababu ya maelezo

Ulaya ililichukulia suala la maandishi kuwa suala la sheria. Mwezi Machi 2004 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo kamili ya namna kompyuta za makampuni mengine zinavyoweza kuzungumza na Windows. Mwezi Julai 2006 ikaongeza faini ya yuro milioni 280.5, safari hii kwa sababu maelezo yaliyotolewa hayakuwa kamili wala sahihi. Mwishoni mwa mwaka 2007 watengenezaji wa Samba, programu huria inayowezesha Linux kushirikiana na Windows, walipata maelezo hayo kwa yuro 10,000.

Ofisi zetu je?

Jambo hili si la masoko makubwa tu. Programu ya hesabu ya Pastel, iliyozaliwa Afrika Kusini katika zama za DOS, imetumika pia katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki. Kampuni ya Johannesburg iliyoimiliki, Softline, ilinunuliwa na Sage ya Uingereza mwaka 2003, na programu ikaendelea kusogezwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Iliyotengenezwa na fundi mmoja wa mtaani haina bahati hiyo. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, na Microsoft ilimaliza huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi akiwa amehama au amefariki bila kuacha maelezo, duka hubaki na kompyuta kuukuu ambayo hakuna anayethubutu kuizima.

Kwa hiyo anayeagiza programu, awe Sandton, Kariakoo au Eastleigh, afanye mambo matatu. Adai maelezo ya maandishi ndani ya mkataba, kabla ya malipo ya mwisho. Aulize ni amri zipi za mfumo endeshi zinazotumika ambazo zimeshapitwa na wakati. Na ahakikishe maelezo hayo yanabaki mikononi mwake, si kwa fundi peke yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliyasema hayo kwa wafanyabiashara wa karafuu na nguo, lakini mwenye kompyuta naye yumo.